Askofu wa Ng'ambo ya Maji

Mtoto wa pwani hafundishwi kupwa na kujaa. Anajua saa za kuvuka mchanga kwa miguu na saa za kukaa ukingoni akingoja, tena anajua kwamba bahari haimwonei haya mtu yeyote, awe mvuvi au liwali. Kwa hiyo nadhani msomaji wa Lamu au wa Kilwa ana nafasi nzuri ya kumwelewa Aidan, askofu wa Kiairishi wa karne ya 7, kuliko wasomi wengi wanaomchambua wakiwa mbali na maji.

Mwaka 635 Oswald, mfalme wa Northumbria, alimpa Aidan mahali pa kuweka kiti chake cha uaskofu. Northumbria ilikuwa dola ya Waanglo-Saksoni, kuanzia mto Humber katika Uingereza ya leo na kupanda kaskazini kuelekea Uskoti. Ngome ya mfalme ilikuwa Bamburgh, juu ya jabali lililosimama kando ya Bahari ya Kaskazini. Askofu angeweza kuomba nyumba ndani ya kuta hizo. Angeweza pia kuomba York, mji mkongwe wa Kirumi, alikokaa askofu aliyemtangulia katika dola ile. Aliomba kisiwa kidogo kinachoitwa Lindisfarne. Neno "aliomba" si langu. Limo katika habari za kale zenyewe, na ndilo linalonifanya niandike makala haya.

Lindisfarne hukatika na bara mara mbili kwa siku maji yakijaa, na mara mbili huungana nalo yakipwa. Barabara ya lami ilipitishwa pale mwaka 1954, na hadi leo wageni wasiosoma jedwali la maji hunaswa katikati, gari likielea, wao wamejibanza ndani ya kibanda cha kujiokolea kilichosimamishwa juu ya nguzo. Ukiwa kisiwani, siku isiyo na ukungu, unaiona Bamburgh kwa macho yako upande wa kusini. Yaani mfalme yuko karibu kiasi cha kuonekana, lakini kati yake na askofu kuna maji ambayo mfalme hayaamuru.

Wengi humsimulia Aidan kwa miujiza yake: upepo uliogeuka, mafuta yaliyotuliza bahari, nguzo iliyokataa kuungua. Mimi naona mahali alipochagua kukaa panatueleza zaidi. Swali la maisha yake yote lilikuwa hili: kiongozi wa dini akae umbali gani kutoka kwa mwenye upanga? Akikaa mbali mno hasikiki. Akikaa karibu mno, sauti yake inageuka kuwa ya yule anayemlisha.

Karibu yote tunayoyajua juu yake yametoka kwa mtu mmoja, Beda, mmonaki wa Jarrow, aliyemaliza kuandika historia ya Kanisa la Waingereza mwaka 731. Beda hakumwona Aidan; alizaliwa miaka ipatayo 20 baada ya askofu huyo kufa. Tena hakukubaliana naye katika jambo ambalo kwa Beda lilikuwa zito kupita kiasi, yaani namna ya kuhesabu tarehe ya Pasaka. Anasema waziwazi kwamba anachukizwa na hesabu ile ya Waairishi. Halafu, bila kupumua, anamsifu Aidan kwa upole, kwa kutojali mali, kwa kutoogopa wakubwa. Shahidi anayeanza kwa kukuambia kasoro za mtu anayemsifu ni shahidi wa kusikilizwa, ingawa na yeye alikuwa na jambo lake moyoni. Nitalirudia.

Kwanza tuelewe mfalme alimpataje. Baba yake Oswald aliuawa vitani mwaka 616, na watoto wakakimbilia kwa Waairishi waliokaa magharibi mwa Uskoti ya leo. Huko Oswald alikua mkimbizi. Huko alibatizwa, na huko alijifunza Kiairishi mpaka kikamkaa mdomoni kama lugha ya nyumbani. Alipokomboa kiti cha baba yake, kunako mwaka 634, hakupeleka ombi la askofu Canterbury, ambako Roma ilikuwa na watu wake tangu mwaka 597. Alipeleka kwa watu waliomlea: wamonaki wa kisiwa cha Iona, katika monasteri iliyoanzishwa na Columba mwaka 563.

Askofu wa kwanza aliyetumwa alishindwa. Beda hamtaji jina; anasema tu alikuwa mtu mkali. Alihubiri, watu hawakumsikiliza, akarudi Iona na ripoti ambayo kila mtumishi aliyeshindwa kazi ameiandika angalau mara moja: tatizo ni wananchi. Watu wale, alisema, ni wagumu, wakali, hawafundishiki. Baraza likakaa kujadili. Ndipo mmonaki mmoja aliyekuwa ameketi pamoja na wenzake akamwambia, kwa adabu lakini bila kuzunguka, kwamba labda yeye mwenyewe alikuwa mkali mno kwa watu wasiojua, hakuwapa kwanza maziwa ya mafundisho laini kabla ya kuwapa chakula kigumu. Macho yote yakamgeukia msemaji. Mtu akikosoa kazi mbele ya kikao, mara nyingi kazi hiyo anakabidhiwa yeye. Aidan akafanywa askofu, akatumwa.

Alifika hajui lugha vizuri. Hapa Beda anatupa picha ninayoipenda kuliko zote: askofu anahubiri kwa Kiairishi, na mfalme mwenyewe, mbele ya makabaila na maofisa wake, anafasiri. Tafakari kidogo juu ya mpangilio huo. Kwa kawaida mfalme husema na wengine humfasiria. Hapa mwenye enzi amekuwa mkalimani, mdomo wa mgeni asiye na jeshi. Kila sentensi ya askofu lazima ipite kwa mfalme kabla ya kuwafikia watu, na kila sentensi, ikiwemo ile inayowakaripia matajiri, mfalme lazima aitamke kwa kinywa chake. Utasema Aidan alikuwa mikononi mwa mfalme kabisa, maana mkalimani anaweza kupunguza chumvi. Ni kweli. Lakini na mfalme alikuwa mikononi mwa Aidan: alilazimika kuyasema yote yale mbele ya wapambe wake.

Lugha haikukaa hivyo milele. Miaka kadhaa baadaye tunamkuta Aidan kwenye ukumbi wa mfalme mwingine, wanaongea bila mkalimani kutajwa popote, na Kiairishi kimebaki kwa ajili ya jambo la siri. Mfalme huyo ni Oswine, na kisa ni kile cha farasi.

Oswald alikuwa ameuawa vitani tarehe 5 Agosti 642 na Penda, mfalme asiyekuwa Mkristo wa Mercia, dola jirani upande wa kusini. Northumbria ikapasuka vipande viwili. Kaskazini akatawala Oswiu, mdogo wake Oswald; kusini, katika Deira, akatawala Oswine wa ukoo pinzani. Wafalme wawili wasioaminiana, na askofu mmoja kwa wote wawili. Oswine alikuwa mrefu, mzuri wa sura, mkarimu wa mkono na wa maneno, na alimpenda sana Aidan. Akampa farasi bora kabisa, mwenye tandiko na mapambo ya kifalme, ili amsaidie kuvuka mito na kwenda safari za haraka. Maana Aidan alikuwa akitembea kwa miguu. Mjini na mashambani, kwa miguu, isipokuwa dharura kubwa imemlazimu. Njiani akimkuta mtu, tajiri au fukara, alimgeukia: kama si Mkristo, alimwita kwenye imani; kama ni Mkristo, alimtia nguvu. Mwenye farasi hukuona kutoka juu na kukupita. Mwenye miguu hana budi kukusalimu.

Haukupita muda mrefu, maskini mmoja akamwomba sadaka. Aidan akashuka, akampa farasi na kila kilichokuwa juu yake. Habari ikamfikia mfalme walipokuwa wakienda kula. Mfalme akauliza kwa uchungu: bwana askofu, ulikuwa na maana gani kumpa maskini farasi wa kifalme? Hatukuwa na farasi wengine wa bei ya chini, au vitu vingine vya kumfaa? Aidan akajibu papo hapo: wasema nini, ewe mfalme? Yule mwana wa farasi ni wa thamani kwako kuliko yule mwana wa Mungu?

Wakaingia. Askofu akaketi mahali pake. Mfalme, aliyekuwa ametoka mawindoni, akasimama akiota moto pamoja na watu wake. Akiwa pale, jibu lile likamrudia. Akafungua upanga kiunoni, akampa mtumishi aushike, akaenda haraka na kupiga magoti miguuni pa askofu, akaomba radhi: hatasema tena juu ya jambo hilo, wala hatapima ni kiasi gani cha mali yake askofu anawapa wana wa Mungu. Askofu akashtuka, akamwinua, akamwambia yote yamekwisha, aketi ale, afurahi. Mfalme akafurahi. Na kadiri mfalme alivyozidi kuchangamka, ndivyo askofu alivyozidi kuhuzunika, mpaka machozi yakamtoka. Padri wake akamuuliza kwa lugha ya kwao, ambayo mfalme na watu wa nyumba yake hawakuijua, kulikoni. Aidan akasema: najua mfalme huyu hataishi muda mrefu, maana sijawahi kuona mfalme mnyenyekevu, taifa hili halistahili kuwa na mtawala kama huyu.

Kisa hiki hukatwa hapa na kutumika kufundishia ukarimu. Ukarimu umo, lakini tazama kinachobishaniwa mezani. Oswine hapingi sadaka. Anapinga zawadi yake kutumika nje ya kusudi lake. Alitaka askofu wake aonekane juu ya farasi wa mfalme, na kila anayeona tandiko lile ajue ni la nani. Zawadi ya mkubwa ina kamba mguuni. Aidan aliikata kamba hiyo kwa namna ambayo hakuna aliyeweza kumlaumu, kwa kumpa maskini. Na kisha analia kwa Kiairishi. Akiwa ndani ya ukumbi, kwenye meza ya rafiki, bado ana ng'ambo yake ya maji. Safari hii ni lugha.

Suala la farasi lilimfuata hata kaburini. Miaka kama 18 baada ya kifo chake, mwanafunzi wake Chad alifanywa askofu wa Wamercia, naye akataka kutembea kwa miguu kama alivyomwona mwalimu wake. Askofu mkuu wa wakati huo, Theodore, mzaliwa wa Tarso aliyetumwa kutoka Roma, akamwamuru apande farasi safari ikiwa ndefu. Chad akasitasita. Theodore, mzee wa miaka zaidi ya 60, akambeba kwa mikono yake mwenyewe akampandisha. Nacheka kila ninapoifikiria picha hiyo, lakini Theodore alikuwa na hoja: jimbo lilikuwa kubwa, na askofu aliyechoka njiani hamsaidii mtu. Zama zilikuwa zinabadilika. Kanisa la Aidan lilikuwa kanisa la miguu. Lililokuja baada yake lilikuwa na mipaka, ratiba na masafa.

Turudi kwenye fedha, maana huko ndiko umbali wa mtu na dola hupimika kwa uhakika. Beda anasema Aidan hakuwapa wakubwa fedha kamwe. Wakimtembelea, aliwapa chakula, basi. Fedha alizopewa na matajiri alizigawa kwa maskini au alizitumia kuwakomboa watu waliouzwa utumwani pasipo haki. Baadhi ya aliowakomboa aliwafundisha, mwishowe akawapandisha hadi upadri. Hebu fikiri: mtu aliyekuwa bidhaa sokoni anasimama altareni, na kabaila anapiga magoti mbele yake. Sitaki hata hivyo kumfanya Aidan mpinga utumwa wa kisasa. Maneno "pasipo haki" yana uzito. Katika fikra za wakati ule kulikuwa na utumwa uliohesabika kuwa wa haki, na Beda haoni haja ya kueleza zaidi.

Alipoalikwa karamuni kwa mfalme, jambo ambalo halikuwa la mara kwa mara, alikwenda na mwenzake mmoja au wawili, akala kidogo, akaondoka mapema akasome au akasali. Na pale kisiwani mambo yalikuwa vivyo hivyo kwa upande wa pili. Mfalme alipokuja, alikuja na watu watano au sita, akasali kanisani, akaondoka. Wakila, walikula chakula cha kila siku cha wamonaki. Hakukuwa na nyumba ya kupokelea wakubwa, kwa sababu wakubwa hawakwenda pale kwa ajili ya kitu kingine zaidi ya sala na neno la Mungu. Mwaka 664, miaka 29 baada ya Aidan kuomba kisiwa, wamonaki waliohama kisiwani waliacha majengo machache mno zaidi ya kanisa. Mifugo walikuwa nayo. Fedha hawakuwa nazo.

Wapo watakaosema: sawa, lakini kisiwa chenyewe alipewa na mfalme. Mkalimani alikuwa mfalme. Ulinzi ulikuwa wa mfalme. Hapo umbali uko wapi? Hoja hiyo nzito, na njia nzuri ya kuipima ni kumlinganisha Aidan na Paulinus, yule askofu wa York.

Paulinus alikuja na msafara wa bibi harusi wa kifalme kutoka Kent, dola ya kusini-mashariki ulikokuwa mji wa Canterbury. Mwaka 627 alimbatiza Mfalme Edwin. Aliwahi kukaa siku 36 mfululizo katika boma la kifalme la Yeavering, pamoja na mfalme na malkia, akifundisha na kubatiza umati mtoni kutoka asubuhi hadi jioni. Kwa hesabu ya vichwa, ni mafanikio makubwa. Mwaka 633 Edwin akauawa vitani. Paulinus akapanda chombo pamoja na malkia mjane na watoto, akarudi Kent, akamalizia uaskofu wake Rochester. Nyuma alibaki shemasi mmoja, James, ambaye anastahili makala yake mwenyewe. Wafalme wawili waliofuata, ambao wote walikuwa Wakristo kabla ya kutwaa taji, waliikana imani mara moja.

Kwa Aidan ilikuwa vingine. Oswald alipouawa mwaka 642, kichwa na mikono yake vikatundikwa kwenye miti kwa amri ya Penda, Aidan hakwenda popote. Monasteri iliendelea. Watu waliendelea kufunga Jumatano na Ijumaa kama alivyowazoeza. Mkristo wa kijiji kisicho na jina hakuwa amebatizwa kwa sababu mfalme amebatizwa; alibatizwa kwa sababu mtu mmoja mwenye vumbi miguuni alisimama kuongea naye.

Sitaki kumdhulumu Paulinus. Alikuwa na malkia na watoto wa kuwaokoa, na waliotwaa nchi baada ya Edwin walikuwa mahasimu. Baada ya Oswald alikuja mdogo wake, na Deira ikaangukia kwa Mkristo. Nyumba ilibadilika bwana, haikubadilika dini. Bahati ilimbeba Aidan pale ambapo ilimtupa mwenzake. Hata hivyo bahati haielezi kila kitu. Paulinus hakuacha nyuma kundi la vijana wenyeji waliofunzwa. Aidan alianza kazi kwa kuchukua watoto 12 wa Kiingereza awalee katika elimu ya Kristo. Eata alikuwa mmoja wao. Alimwita Hild arudi alipokuwa akijiandaa kwenda kuwa mtawa Ufaransa, akampa mahali pa kuanzia. Mwanamke huyo baadaye akaongoza monasteri ya Whitby, shule iliyotoa maaskofu watano. Watu wa aina hiyo ndio waliolibakiza Kanisa pale wafalme walipokufa.

Sasa lile la Beda. Anapomsifu Aidan, anatupa sentensi kama kisu: maisha yake yalikuwa tofauti mno na uvivu wa nyakati zetu. Nyakati zetu, yaani za Beda. Mwaka 734, karibu na kifo chake, alimwandikia Askofu Egbert wa York barua yenye uchungu: maaskofu wamezungukwa na watu wa vicheko na karamu, vijiji vya milimani havijamwona askofu miaka nenda rudi, lakini kodi ya askofu vinalipa, matajiri wanajipatia ardhi kwa jina la monasteri. Ukisoma barua hiyo kisha ukarudi kwa Aidan, unagundua kwamba kila sifa ya Aidan ni shutuma dhidi ya mtu fulani aliye hai. Alitembea, na ninyi je? Hakuwapa wakubwa fedha, na ninyi je?

Je, hilo linamfanya Aidan wa Beda kuwa wa kubuni? Siamini. Beda aliandika karibu na watu waliorithi kumbukumbu zile, na asingeweza kumpamba Mwairishi mwenye Pasaka ya makosa bila sababu. Lakini kioo huchagua kinachoonyesha. Tunamwona Aidan kutoka upande ambao ulimuuma Egbert. Kama aliwahi kumbembeleza mfalme ili apate shamba la monasteri, au kufumba macho mahali ambapo macho yalipaswa kuwa wazi, Beda hakuwa na sababu ya kutuambia.

Na mahali pamoja pa kutilia shaka papo. Mwaka 651 Oswiu alikusanya jeshi dhidi ya Oswine. Oswine alipoona mwenzake ana watu wengi zaidi, hakutaka damu imwagike. Akawaruhusu askari wake warudi makwao, akajificha na mtu mmoja mwaminifu, Tondhere, katika nyumba ya kabaila aliyemdhania rafiki. Kabaila akamuuza. Oswiu akamtuma ofisa wake, na tarehe 20 Agosti mfalme mnyenyekevu aliuawa huko Gilling pamoja na Tondhere.

Aidan alifanya nini? Kanuni aliyosifiwa nayo ni kwamba hakunyamazia dhambi za matajiri kwa hofu wala kwa heshima. Muuaji alikuwa mfalme wa Bamburgh, jirani yake wa ng'ambo ya maji, mdogo wa Oswald. Askofu alikuwa na siku kumi na moja tu. Tarehe 31 Agosti alikufa kando ya kanisa kwenye makazi ya kifalme karibu na Bamburgh, chini ya hema walilomfungia ukutani upande wa magharibi, akiwa ameegemea nguzo iliyotegemeza kanisa kwa nje. Kwenye kumbukumbu ya Beda hakuna karipio lolote lililotamkwa katika siku hizo. Wapenda hadithi husema alikufa kwa huzuni. Inawezekana, mtu aliyelia mezani kwa ajili ya Oswine akiwa hai hangekosa kumlilia akiwa maiti. Lakini ukweli mchungu ni kwamba alifia kwenye shamba la mfalme aliyemuua rafiki yake. Maji yalikuwa yamepwa, na alikuwa amevuka.

Aliyedai toba ni malkia. Eanflæd, mke wa Oswiu na jamaa wa Oswine aliyeuawa, aliomba ijengwe monasteri pale pale Gilling ili muuaji na aliyeuawa waombewe kila siku. Oswiu akatoa ardhi.

Malkia huyo huyo aliishika Pasaka ya Roma, kama alivyolelewa Kent, wakati mumewe alishika ya Waairishi. Ikatokea mfalme anakula Pasaka huku malkia bado yuko kwenye mfungo, akiadhimisha Jumapili ya Matawi. Aidan alipokuwa hai watu walilivumilia jambo hilo kwa heshima yake. Baada yake uvumilivu ukaisha. Mwaka 664 sinodi, yaani mkutano wa Kanisa, ikaitishwa Whitby, kwa Hild. Upande mmoja Colman, askofu wa Lindisfarne. Upande wa pili Wilfrid, kijana mwenye ulimi mkali aliyewahi kufunzwa Lindisfarne kabla ya kwenda Roma. Mwamuzi alikuwa Oswiu. Alisikiliza pande zote, akauliza ni nani aliyekabidhiwa funguo za mbinguni, akaambiwa ni Petro, akasema basi hatagombana na bawabu.

Sina ugomvi na tarehe ya Pasaka. Roma ilikuwa na hesabu bora. Kinachonigusa ni kiti alichokalia Oswiu. Miaka 29 kabla, mfalme alisimama pembeni kufasiri maneno ya askofu. Sasa askofu alisimama kujitetea na mfalme akakata shauri la dini.

Colman hakukubali. Akakusanya Waairishi wote wa kisiwani na Waingereza wapatao 30 waliotaka kumfuata. Akafukua sehemu ya mifupa ya Aidan aondoke nayo. Iliyobaki akaagiza izikwe ndani ya kanisa. Kabla ya kuvuka, alikuwa na ombi moja kwa Oswiu juu ya wale waliochagua kubaki: wapewe abati, yaani mkuu wa monasteri. Mfalme, aliyempenda Colman licha ya yote, akakubali. Jina lililopendekezwa lilikuwa Eata, mmoja wa wale watoto 12.